Tupeane uzoefu: ulipohamia Mtwara, kanisa lako ulilipataje?

Mkazi wa Shangani

Wapendwa, salamu kwenu nyote. Kijana mmoja aliyehamishiwa ofisini kwetu kutoka Mwanza aliniuliza juzi swali ambalo nilidhani jibu lake ni la dakika moja: hapa mjini asali wapi? Nilifungua kinywa nimwelekeze kanisani kwangu, kisha nikakumbuka kwamba huenda hatuko dhehebu moja, amepanga Magomeni, hana usafiri, na zamu zake hubadilika kila wiki.

Mji huu una bandari, gesi, saruji na korosho, kwa hiyo kila mwaka unapokea watu kutoka kila kona ya nchi. Lakini wenyeji wake wengi ni Waislamu, na mgeni hawezi kutembea barabarani akitegemea kuona mnara wa kanisa kila baada ya nyumba kumi kama alivyozoea Moshi au Bukoba. Naomba kila aliyefika hapa akiwa mgeni aeleze alivyolipata kanisa lake. Wenzetu wa Lindi nao wanakaribishwa.

Mangi wa Chikongola

Kaka wa Shangani, umenikumbusha mbali. Mimi ni Mlutheri kutoka Machame, na njia niliyoitumia ninaipendekeza kwa kila mtu: tembea mtaani Jumapili asubuhi utafute duka la Mangi lililofungwa, kaa hapo nje umsubiri, na akirudi kufungua mlango muulize alikuwa wapi. Kama si KKKT, basi ni Roma, na katika hali zote mbili atakuelekeza vizuri kuliko ramani ya simu.

Nikiacha utani, usharika nilioupata uliniliwaza sana, kwa sababu nusu ya waliokaa katika mabenchi walikuwa wageni kama mimi: Wapare, Wanyakyusa, Wahehe, Wachaga wenzangu, watumishi wa serikali na wafanyabiashara. Siku hizi tuna hata Dayosisi yetu ya Kusini Mashariki, ambayo makao yake yako hapa hapa Mtwara. Kilichonishangaza ni siku ya mavuno. Nyumbani nilizoea mikungu ya ndizi na maziwa mbele ya madhabahu. Hapa nilikuta korosho, ufuta, mihogo na samaki wakavu, na baada ya ibada ukafanyika mnada ambao mzee mmoja wa kanisa aliuendesha kwa ukali uliozidi wa chama cha ushirika. Nilitoka na kuku wawili ambao sikuwa nimepanga kuwanunua.

Dada wa Ligula

Hilo la duka lililofungwa ni kweli kabisa, nami niliongozwa hivyo hivyo.

Msabato Mpole

Bwana asifiwe. Naomba kuuliza kama kuna anayefahamu kanisa la Wasabato lililo karibu na Magomeni, kwa sababu nimehamia hivi karibuni.

Mtu wa Mpwapwa

Mimi ni Mwanglikana tangu tumboni mwa mama yangu, na nilipofika Mtwara niliulizia kanisa la Anglikana, nikaelekezwa, nikaenda nikiwa nimevaa vizuri na Biblia yangu mkononi. Ibada ilipoanza nikaona chetezo, nikaona moshi wa uvumba, nikaona watu wanapiga goti, nikasikia kengele, na kiongozi wa ibada akaitwa "Padre". Nilitoka nje kimya kimya nikaenda kusoma kibao upya, maana niliamini kwamba dereva wa bodaboda alinishusha kwa Wakatoliki. Kibao kilisema Anglikana. Nikarudi ndani, lakini kwa wiki kadhaa sikuweza kutulia, kwa sababu kwetu Mpwapwa tumelelewa na mchungaji, meza na mahubiri, na hayo mengine tulifundishwa kuyaepuka.

Mjukuu wa Masasi

Ndugu yangu wa Mpwapwa, kwa heshima zote, usitueleze kana kwamba sisi ndio tuliopotea njia. Ninyi mliletewa imani na wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana kutoka Uingereza, ambao hawakupenda uvumba. Sisi wa kusini, pamoja na Zanzibar na Korogwe, tuliletewa na wale wa UMCA, shirika jingine la Kianglikana, ambao waliipenda Misa yenye heshima kamili. Kanisa ni lile lile na askofu mkuu ni yule yule. Bibi yangu alizaliwa, akabatizwa na kuzikwa katika uvumba huo unaoukimbia.

Mtu wa Mpwapwa

Sikusema kwamba mmepotea. Nilisema kwamba nilitoka kusoma kibao.

Mjukuu wa Masasi

Kutoka nje katikati ya Misa ili kusoma kibao ni kusema.

Dada wa Ligula

Wazee wangu, tafadhali. Mgeni wa watu bado anasubiri kuelekezwa.

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, kabla ya kugombana ni vizuri mfahamu kwa nini katika mji huu mgeni hulitafuta kanisa wakati Masasi kanisa humtafuta yeye. Ukristo wa kusini haukuanzia pwani. Uliruka pwani ukaenda kukaa bara. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Zanzibar na watu waliokombolewa kutoka utumwani, nia ikiwa kuwarudisha pande za Ziwa Nyasa walikotokea, lakini walipofika Masasi wakaona nchi inafaa na wakaweka kijiji chao hapo. Wabenediktini wa Ujerumani walikuja baadaye, wakajenga Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka 1896; misioni hizo zikachomwa wakati wa Vita vya Majimaji mwaka 1905, na mwaka uliofuata wakaanzisha Ndanda, ambayo mpaka leo ina abasia, hospitali na shule aliyosoma hayati Rais Benjamin Mkapa.

Wakati huo wote Mtwara mnayoijua haikuwapo. Mji wa pwani wenye jina ulikuwa Mikindani, pamoja na Lindi, na yote miwili ilikuwa ya Kiislamu kwa karne nyingi. Mtwara mjini ilizaliwa kwa sababu ya mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947. Walihitaji bandari yenye kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea, mradi ukafa mapema, reli ikang'olewa miaka ya 1960, bandari ikabaki. Kwa hiyo makanisa ya hapa mjini ni ya juzi, yalijengwa kufuata wafanyakazi wa bandari na watumishi wa serikali, na ndiyo maana yamejificha katika mitaa wanakoishi wageni badala ya kusimama katikati ya mji. Hata Jimbo Katoliki la Mtwara lilitokana na abasia ya Ndanda, mwaka 1972 tu. Ukitaka kulielewa kanisa lako la Mtwara, panda basi siku moja uende Masasi, kilomita zipatazo 200, uone lilikotoka.

Fundi Mitambo

Mwalimu, shikamoo. Ninashukuru kwa somo, lakini kijana ana Jumapili moja tu ya mapumziko na wewe umemtuma Masasi.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Nimesema siku moja. Sikusema Jumapili hii.

Mama Neema

Tumsifu Yesu Kristo. Nimesoma maneno yenu nikicheka, kisha nikajikuta ninalia, kwa hiyo acheni nami nieleze, ingawa ni maelezo marefu.

Tulihamia Mtwara mume wangu alipopata kazi ya ufundi kwa mkandarasi mmoja, nami nikiwa mjamzito wa mtoto wetu wa kwanza. Tulipanga Magomeni katika nyumba ya mama mmoja ambaye hapa nitamwita Mama Saidi. Kila Jumapili nilikuwa nikisema kwamba tutatafuta parokia mume wangu akipata nafasi, kwa maana sikutaka kwenda peke yangu mahali ambapo sijulikani, na kila Jumapili yeye alikuwa kazini au amelala baada ya zamu ya usiku. Mtoto akazaliwa salama. Tukasema tutambatiza Pasaka tukienda likizo nyumbani Ngara.

Alipokuwa na umri wa wiki tatu, usiku mmoja wa mvua kubwa za masika, aliacha kunyonya, mwili ukawa moto, kisha akaanza degedege. Mume wangu alikuwa zamu na simu yake haikupatikana. Niligonga mlango wa Mama Saidi nikipiga kelele, naye akatoka, akamtazama mtoto mara moja tu, akampigia dereva wa bajaji anayelala mtaa wa pili. Ndani ya bajaji, maji yakitupiga kutoka pande zote, nilikuwa na wazo moja tu kichwani: mtoto huyu atakufa hajabatizwa, na kosa ni langu. Nikamwomba dereva anipitishe kanisa lolote lile. Tukapita mbele ya moja, geti limefungwa na giza tupu. Nikataka kushuka nigonge. Mama Saidi akanishika mkono akamwambia dereva asisimame, kisha akaniambia, "Mwanangu, padre hawezi kumwekea mtoto dripu. Twende hospitali kwanza, padre tutamtafuta kukicha."

Hospitalini walimpokea haraka, lakini kila walipotafuta mshipa hawakuupata, na mtoto alikuwa ameanza kubadilika rangi. Hapo ndipo nilipokumbuka mafundisho ya kipaimara. Katekista wetu wa kijijini alikuwa ametufundisha kwamba mtoto akiwa katika hatari ya kufa mtu yeyote anaweza kumbatiza, akatukaririsha maneno mpaka tukachoka, nasi tukamwona mzee msumbufu. Mama Saidi alikuwa na chupa ya maji. Nikaichukua, yeye akamshika mtoto kichwa, nikammiminia maji kwenye paji la uso mara tatu nikisema, "Neema, ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Muuguzi hakutufukuza, alisogea kidogo, akangoja, akaendelea na sindano yake, na safari hiyo mshipa ukapatikana.

Mtoto alipona. Baada ya kuruhusiwa sikungoja tena nafasi ya mume wangu. Nilikwenda parokiani peke yangu nikaeleza yote. Paroko alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kuna mtu aliyeshuhudia. Nikasema yupo, lakini ni Mwislamu. Akasema, "Mlete." Mama Saidi akavaa baibui lake jipya, tukaenda wote. Paroko akamuuliza maji yalimwagwa wapi na mama alitamka maneno gani, naye akayarudia neno kwa neno, maana alisema usiku ule hauwezi kumtoka. Padre akaandika katika daftari la ubatizo, akanieleza kwamba ubatizo haurudiwi, na Jumapili iliyofuata mtoto akapakwa krisma, akavikwa nguo nyeupe na kupewa mshumaa, na msimamizi alipatikana kutoka jumuiya ambayo siku hiyo ndiyo kwanza nilijua kwamba inakutana nyuma ya nyumba tuliyokuwa tumepanga. Nilikuwa nimeishi hatua chache kutoka hapo miezi yote ile.

Kwa hiyo mimi nilipelekwa kanisani na mama wa Kiislamu mwenye chupa ya maji.

Dada wa Ligula

Milele amina. Mama Neema, nimesoma nikiwa kazini na nimeshindwa kuzuia machozi. Neema ana umri gani sasa?

Mama Neema

Yuko darasa la tatu, na anamwita Mama Saidi bibi.

Mtumishi wa Bwana

Namshukuru Mungu kwa uponyaji wa mtoto, lakini ni lazima tuseme kweli. Ubatizo ni wa maji mengi na ni wa mtu aliyeamini. Mtoto wa wiki tatu hajaamini kitu, na maji ya chupa si ubatizo.

Mangi wa Chikongola

Mtumishi, mada ni namna ya kupata kanisa. Hata hivyo, kwa kuwa umelianzisha, sisi Walutheri nasi tuna ubatizo wa dharura, na Mkristo yeyote anaweza kuutoa mtoto akiwa hatarini. Mchungaji huja baadaye kuuthibitisha mbele ya usharika. Mama Neema hakufanya jambo la ajabu.

Mzee wa Kigango

Mimi ni katekista, na nimefurahi kusikia kwamba kuna mwanafunzi aliyekumbuka, kwa sababu nasi huku tunaitwa wasumbufu. Niongeze kwa faida ya wote: Sheria ya Kanisa, kanuni ya 861, inasema kwamba katika dharura mtu yeyote mwenye nia iliyo sahihi anaweza kubatiza, na kanuni ya 876 inakubali ushahidi wa mtu mmoja asiyetiliwa shaka. Haisemi kwamba shahidi huyo awe Mkristo. Awe msimamizi, hapana. Msimamizi wa ubatizo lazima awe Mkatoliki aliyepata kipaimara. Paroko yule alifanya sawasawa.

Mtumishi wa Bwana

Mimi ninafuata Neno, sifuati kanuni zenye namba.

Mjukuu wa Masasi

Hata Neno lina namba, sura na mistari.

Msabato Mpole

Poleni na hongera, Mama Neema. Naomba nirudie swali langu kuhusu kanisa la Wasabato, kama kuna anayefahamu.

Mkazi wa Shangani

Ndugu zangu, maelezo ya Mama Neema yametugusa sote, lakini naomba mjadala wa maji mengi na maji machache tuupeleke mahali pake. Nina kijana mwenye zamu. Anafanyaje?

Fundi Mitambo

Hapo ndipo nilipotaka kuchangia tangu mwanzo. Mimi nimefanya kazi za zamu katika maeneo ya gesi na viwandani kwa muda mrefu, na ninaweza kusema kwamba mtu wa zamu hana Jumapili. Jumapili yangu mara nyingi huangukia Jumatano. Mwanzoni niliona haya kwenda kanisani katikati ya wiki, nikidhani kwamba Misa za kila siku asubuhi ni za masista na akina bibi. Siku moja nilitoka zamu ya usiku, nikapita parokia ya Majengo, kanisa la Mtakatifu Paulo, saa 12 asubuhi, buti zikiwa na vumbi, nikakaa benchi la mwisho. Hakuna aliyenigeukia.

Kwa wasiolifahamu kanisa hilo, kuta za mbele na za pembeni zimejaa michoro ya rangi kali ya habari za Biblia, kazi ya Padre Polycarp Uehlein, Mbenediktini kutoka Ujerumani ambaye alichora makanisa kadhaa ya kusini, likiwamo la Nyangao. Mimi si mtu wa sanaa, lakini mtu aliyetazama mabomba na mita usiku kucha hupumzika akitazama ukuta ule, na nakiri kwamba kuna mahubiri niliyoyakosa kwa sababu yake. Kijana kama ni Mkatoliki, mwambie aanze na Misa za asubuhi. Kama si Mkatoliki, na aende tu akaone michoro.

Binti Mnyakyusa

Ninakubaliana na Fundi kuhusu katikati ya wiki, lakini ninapingana naye kuhusu benchi la mwisho. Mgeni akikaa benchi la mwisho na kutoka kabla ya matangazo, anaweza kusali mwaka mzima bila mtu kumfahamu. Akienda, asimame wageni watakapoitwa wasimame, ataje jina lake na anakotoka. Aibu ni ya siku moja.

Fundi Mitambo

Kuna watu hawataki kusimamishwa, dada yangu. Niliwahi kusimamishwa, na kabla sijaketi nilikuwa nimeingizwa katika kamati ya ujenzi.

Mpangaji wa Mangamba

Mimi ninasema kijana aje na barua ya utambulisho kutoka kanisa lake la Mwanza. Bila barua asihangaike. Nilikwenda kanisa moja hapa mjini, ambalo sitalitaja, nikitaka kutangaza ndoa yangu, nikaulizwa barua, nikaulizwa jumuiya, nikaulizwa kadi ya ahadi, nikaulizwa mzee wa kanisa anayenifahamu. Sikuwa na hata kimoja. Ndoa ilibidi ifungwe kijijini kwetu, na gharama zikawa mara mbili.

Binti Mnyakyusa

Barua si lazima siku ya kwanza. Mimi nilisali miezi kadhaa ndipo nikaiomba, na nililetewa kwa simu, mchungaji wa nyumbani akaipiga picha.

Mpangaji wa Mangamba

Kwenu ilikubaliwa picha. Kwangu walitaka karatasi yenye muhuri.

Mhasibu wa Bandarini

Suala la kufahamika si la ndoa peke yake. Tulikuwa na mwenzetu kazini, mtu wa Mbeya, mcha Mungu aliyesikiliza mahubiri ya redio kila asubuhi, lakini hakuwahi kujiandikisha mahali popote kwa kuwa alisema yuko hapa kwa muda. Alifariki ghafla. Tulipokwenda kuomba ibada ya kumuaga, swali la kwanza lilikuwa anatoka jumuiya gani, na sisi wenzake, tuliokula naye mchana kila siku, hatukuweza hata kusema kwa uhakika kama ni Mmoravian au Mlutheri. Tulipekua vitu vyake tukakuta kitabu cha nyimbo, ndipo tukajua. Kanisa la kwanza lilitukatalia. La pili lilitoa mwinjilisti, akaja mochwari akasali kwa unyenyekevu mkubwa na kutupa pole kana kwamba alimfahamu marehemu. Mwili ukasafirishwa. Tangu siku hiyo mimi huwauliza wafanyakazi wapya mambo mawili: namba ya ndugu wa karibu na kanisa au msikiti wanaosali. Wengine hunishangaa.

Dada wa Ligula

Ni kweli. Kanisa huzika linaowafahamu.

Mpangaji wa Mangamba

Na waliolipa ahadi.

Mzee wa Kigango

Hapana, ndugu yangu, usiseme hivyo. Yapo makosa ya watu, nami nimeyaona, lakini wapo makatekista na wainjilisti wanaokwenda kwa miguu kumsalia mtu wasiyemjua. Huyo aliyekwenda mochwari nani alimlipa?

Bajaji ya Bluu

Asalaam aleikum na habari zenu. Mimi ni Mwislamu wa Mikindani, ninaendesha bajaji hapa mjini, na ninadhani ninayajua makanisa yenu kuliko baadhi yenu. Shida ya wageni ni namna ya kuuliza. Mtu anapanda Jumapili asubuhi anasema, "Nipeleke kanisani." Kanisani wapi? Nikimuuliza dhehebu anaona kama ninamhoji. Semeni Roma, Anglikana, Lutheri, Moravian, Sabato au walokole, na kwa walokole mniambie jina la mchungaji, kwa sababu hao huhama jengo mara kwa mara na kibao hubaki pale pale.

Wateja walionirahisishia kazi kuliko wote walikuwa mabaharia wa Kifilipino walioshuka kutoka meli bandarini. Hawakujua Kiswahili, nami sikujua lugha yao. Mmoja akafanya ishara ya msalaba na kuonyesha saa yake. Nikawapeleka Majengo, wakawahi Misa ya pili, nami nikawasubiri nje mpaka mwisho, kwa sababu nilijua hawataweza kumweleza dereva mwingine njia ya kurudi.

Mama Neema

Kaka wa bajaji, kama ulikuwa ukifanya kazi Magomeni usiku wa mvua miaka hiyo, nakushukuru hata kama si wewe.

Bajaji ya Bluu

Magomeni usiku ni wengi, mama. Lakini shukrani nimezipokea kwa niaba ya kijiwe.

Mwenyeji wa Lindi

Nichangie kwa ufupi kutoka huku. Nilikaa kisiwani Songo Songo kikazi, mahali ambapo gesi iligunduliwa mwaka 1974, na huko Wakristo tulikuwa wachache mno kiasi kwamba tofauti za madhehebu zilikosa nafasi. Tulikutana chumbani kwa mmoja wetu: Mkatoliki alisoma somo, Mlutheri akaanzisha wimbo, Mpentekoste akaomba kwa muda mrefu kuliko wote, na aliyechelewa ndiye aliyepika chai. Niliporudi Lindi mjini, kwenye makanisa ya kuchagua, ndipo niliposumbuka. Kijana asitafute kanisa zuri. Atafute la karibu na anapolala.

Binti Mnyakyusa

La karibu likiwa na spika mbili nje ya dirisha lako utatamani la mbali.

Mwalimu Mstaafu

Ninaunga mkono la karibu. Na jumuiya kabla ya kanisa: aulize jirani zake ni nyumba ipi hukutanikia watu wakiimba siku za Jumamosi asubuhi.

Mtu wa Mpwapwa

Mimi ninashauri asome kibao kabla ya kuingia.

Mjukuu wa Masasi

Na akishaingia, akae.

Mkazi wa Shangani

Nimempelekea kijana maneno yenu yote. Ameniuliza afuate lipi, kwa kuwa mmoja amesema akae nyuma, mwingine asimame mbele, mmoja aje na barua, mwingine asihangaike nayo, na Mwalimu amemtuma Masasi. Amesema pia kwamba nilikuwa nimesahau kumuuliza dhehebu lake, nami kweli sikuwa nimemuuliza. Yeye ni Msabato.

Msabato Mpole

Jamani, mimi nimeuliza hilo tangu jana.

Dada wa Ligula

Kaka Msabato, tusamehe. Nitumie ujumbe pembeni, na huyo kijana wa Mwanza pia, nitawaelekeza wote wawili. Ninaishi jirani na kanisa lenu, na kila Jumamosi ninaamshwa na kwaya yenu kabla sijapanga kuamka.